Ulizaliwa Njaa Gani?

Kwenye hesabu ya zamani ya Waturkana, mwaka hauna namba, una jina. Ukame wa 1960 unaitwa Namotor, jina lenye picha ya mifupa iliyotokeza nje. Ule wa 1979 hadi 1981 unaitwa Lopiar, yaani uliofagia kila kitu. Ukimuuliza mtu mamake alizaliwa lini, atakutajia njaa, au ugonjwa wa mifugo, au uvamizi, na yeyote aliyelelewa ndani ya hesabu hiyo atajua mara moja huyo mama ana umri gani na ameona nini. Hesabu yenyewe haina kasoro. Shida ni kwamba haiingii kwenye fomu, na siku hizi mzee asiyeingia kwenye fomu hapati hata shilingi.

Mahali nilipouona mgongano huu kwa karibu ni Kipsongo, hapa Kitale. Kama hujafika, Kipsongo ni mtaa wa mabanda pembeni mwa mji, unaenda kwa miguu tu kutoka katikati, na kwa muda mrefu ukilitaja jina lake watu wa hapa walisikia vitu viwili: Waturkana na machokoraa. Vibanda vingi vilijengwa kwa umbo la nyumba za kaskazini, mviringo, fito zimekunjwa zikakutana juu, ila badala ya nyasi na ngozi vikafunikwa kwa maboksi, magunia na nailoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la Practical Action, wakati huo likiitwa ITDG, liliendesha mradi wa kupanga mitaa pamoja na wenyeji wake katika Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa. Wapiga picha nao wamepita sana. Karibu kila anayefika Kipsongo anaandika kuhusu watoto, na sawa, watoto wanaonekana. Lakini nyuma ya mtoto mara nyingi kuna nyanya aliyebaki naye, na huyo nyanya haonekani popote, hata kwenye zile picha. Amekaa ndani kwa sababu miguu imekataa.

Mimi ni wa Kitale, watu wetu wakiwa upande wa Bungoma. Nilisoma historia chuoni mwaka mmoja na nusu, karo ikagoma, nikarudi nyumbani. Tangu hapo nasoma historia bila mtihani, na hii ya wazee wa Kipsongo imenikalia kooni muda.

Tuanze na mifugo, manake hapo ndipo pensheni ilikuwa. Wazee waliofika Kipsongo kutoka kaskazini hawakuzaliwa wakiokota. Wengi walitoka kwenye maboma yenye ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia na punda, na mwenye mali hakuilundika yote zizi moja. Wanyama wengine aliwatoa kwa mahari, ambayo kwa Waturkana ni mzigo mzito unaochangwa na ukoo na marafiki. Wengine aliwapa rafiki wa kambi nyingine, kwa kuelewana kwamba siku moja naye atakuja kuomba na hatakataliwa. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, aliyekaa Turkana mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu The Family Herds mwaka 1955, aliandika kwa kirefu juu ya marafiki hawa wa mifugo. Mtu mzima mwenye akili alikuwa nao wengi, wametapakaa nchi nzima. Mwanamke naye hakuwa nje ya mpango: kulikuwa na wanyama waliohesabiwa kuwa wa nyumba yake, maziwa yao ni ya jungu lake, na wanawe ndio watakaowarithi.

Kwa hiyo ukifika uzeeni, macho yamefifia, huna haja ya kunyoosha mkono. Una madeni nje. Mjukuu anatumwa upande fulani, anarudi na mbuzi.

Ukiniuliza, hiyo ni bima nzuri kuliko nyingi zinazonitumia ujumbe kwenye simu. Udhaifu wake ni mmoja tu: inakukinga na balaa lako wewe. Wakifa ng'ombe wako, wa rafiki yako wakabaki, uko salama. Wakifa wa kila mtu kwa wakati mmoja, hakuna wa kumdai.

Ndivyo ilivyokuwa Lopiar. Mvua ilikataa. Homa ya mapafu ya mbuzi ikaingia mazizini. Na mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka kule Uganda, wanajeshi walikimbia kambi ya Moroto wakaacha ghala la silaha, Wakaramojong wakajibebea bunduki, na uvamizi uliokuwa wa mikuki na bunduki za kuhesabika ukawa wa risasi kwelikweli. Ndani ya Turkana yenyewe tayari kulikuwa na ngoroko, vijana wenye silaha wasiojali boma ni la nani. Mwaka 1980 ukaanzishwa mradi wa Turkana Rehabilitation Programme kwa pesa za wafadhili, na makumi ya maelfu ya watu wakakusanyika kwenye kambi za chakula. Wengine walishika njia ya kusini, wakapanda milima ya Pokot, wakapita Kapenguria hadi Kitale. Kutoka Lodwar ni karibu kilomita 300.

Lopiar haikuwa mwanzo wa Waturkana Kitale. Kuna waliokuwa hapa tangu enzi za masetla, wakichunga ng'ombe wa wenyewe mashambani, na kuna walioshuka baada ya Namotor. Ila Lopiar ndiyo iliyokata kamba. Aliyekuja kabla yake aliweza kujiambia kwamba kuna mifugo yake kwa fulani, akipata nafuu atarudi. Aliyekuja baada yake alijua kwa fulani hakuna kitu.

Na Kitale iliwavuta kwa sababu rahisi kabisa, mahindi. Trans-Nzoia ndiyo ghala la nchi, na palipo na mahindi hapakosi kibarua: kupalilia, kuvunja, kupukuchua, kubeba magunia, kulinda ghala usiku, na baada ya mavuno kuokota yaliyobaki shambani. Zote hizo ni kazi za mwili. Mwili ukiwa na miaka 30 zinalisha nyumba. Ukiwa na 65, kazi inayobaki ni ile ya mwisho, kuokota.

Sasa, huu mji waliofikia haukujengwa ukimfikiria mzee Mwafrika. Wala sisemi hivyo kwa hasira, iliandikwa kwenye sheria. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ardhi ya Trans-Nzoia iligawiwa Wazungu, wengi wao askari waliotoka vitani, chini ya mpango wa mwaka 1919. Reli ikafika Kitale 1926. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ilipatikana kwa sheria ya mwaka 1918 iliyomruhusu Mwafrika kuishi kwenye shamba la setla, kulima kipande na kuchunga wanyama wachache, kwa sharti la kumfanyia setla kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 ikaziruhusu halmashauri za masetla kupandisha siku hizo hadi 270 na kuamua mtu afuge wanyama wangapi. Huko nyuma kidogo, miaka ya 1920, maskwota wa nyanda za juu walishapitia zoezi la kunyang'anywa mifugo, nao wakalipa jina kwa Kiswahili: kifagio. Kifagio, kisha Lopiar. Watu wawili wasiojuana, lugha mbili, ufagio uleule.

Angalia sheria hiyo inasema nini kuhusu uzee. Haisemi. Ilimwita skwota mfanyakazi mkaaji, na ukaaji wake ulining'inia kwenye kazi. Kazi ikiisha, haki ya kukaa imeisha, rudi kwenu, yaani rudi rizavu. Rizavu ndiyo ilikuwa hospitali, rizavu ndiyo ilikuwa pensheni. Mwajiri alimchukua mtu akiwa na nguvu na kumrudisha zikiwa zimekwisha, na gharama ya miaka ya katikati na ya mwisho ikabebwa na mashamba ya wake na shemeji huko nyumbani. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali ya kikoloni kuchunguza mishahara ya Waafrika, ilikiri kwamba kima cha chini kilihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na familia. Ikapendekeza mshahara wa mtu mwenye mke na watoto. Ilikuwa imebaki miaka tisa tu Wazungu waachie serikali.

Hapa nadhani tumelishwa kitu na tukakizoea. Tunapenda kusema Mwafrika hatupi wazee wake, ati makao ya wazee ni mambo ya Ulaya. Mila ipo, siikatai, nimelelewa ndani yake. Lakini kama sera ya nchi, ile kauli ya "mzee ana kwao" ilisemwa kwanza na mwajiri aliyekuwa anatafuta pa kutua mzigo. Serikali ya uhuru iliikuta mezani na haikuigusa. Sessional Paper No. 10 ya 1965, ule waraka maarufu wa ujamaa wa Kiafrika, uliegemea kwenye wajibu wa watu kusaidiana kama ilivyokuwa katika ukoo. Mwaka huohuo ikaundwa NSSF, mfuko wa waajiriwa. Mwenye mwajiri na kipande cha mshahara akawekewa akiba yake, wengine wote wakaachiwa ukoo. Mchungaji, mkulima wa jembe la mkono, mama wa sokoni, mtu wa kibarua cha siku: hao ndio waliokuwa wengi, na ukoo ndio uliokuwa mfuko wao.

Kwa kukhu yangu kule Bungoma, mpango huo ulifanya kazi. Nusu ekari ya mtama na ndizi, wana watatu kwenye boma moja, jirani ambaye ni binamu. Mtu akikosa kuonekana asubuhi, kufikia saa nne ameshabishiwa mlango. Ukichukua mfano wa kukhu ukauita Kenya, utaona serikali haina la kufanya.

Kipsongo unakuta nini? Unakuta mama wa makamo ya kukhu, ambaye "kwao" palifagiwa 1980. Waume wamekufa, mabinti wengine hawajulikani walipo, mtoto aliyekuwa akileta unga alichukuliwa na ugonjwa ule ambao hapa mtaani bado hautajwi kwa jina, akaacha watoto wawili. Nyumba iko kwenye kiwanja ambacho si chake. Ukimwambia arudi kwao, unamwelekeza wapi? Na mtaani hakuna wa kumlaumu, majirani wanaokosa chakula cha jioni ndio haohao wanaompelekea uji. Nimeona bakuli moja la githeri likigawanywa mara nne. Ukoo umeundwa upya hapa kwa watu wasio na damu moja, ila mfuko wake ni mtupu.

Wazee wa nchi hii huingia kwenye habari wakiuawa. Tunasikia Kilifi, ambako wazee wamekuwa wakisingiziwa uchawi kiasi kwamba kuna kituo cha kuwahifadhi Kaya Godoma, kule Ganze. Tulisikia Kisii Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliochomwa huko Marani. Ni haki zitangazwe. Madhara ya Kipsongo ni ya polepole, hayana moshi, na ndiyo maana nimeamua kufuata karatasi.

Karatasi yenyewe ina historia ya ajabu. Mkoloni alipotaka kodi, hakuhitaji tarehe ya mtu. Alihitaji macho. Sheria ya kodi ya kichwa na kibanda ilimruhusu DC kumsamehe mtu kwa uzee au udhaifu: mzee anasimama mbele ya meza, anaangaliwa mgongo, nywele, mikono, na anaandikiwa msamaha. Dharau ilikuwepo, bila shaka. Lakini uzee ulikuwa kitu kinachoonekana. Kipande, kile cha sheria ya 1915 kilichoanza kuvaliwa shingoni baada ya vita, nacho kilikuwa cha kumfuata mfanyakazi asitoroke, na kiliwahusu wanaume wa miaka 16 kwenda juu. Wanawake hawakupewa. Uhuru ulikuja, vitambulisho vikaja, na bado wanawake hawakupewa, mpaka sheria ya usajili iliporekebishwa mwaka 1978. Soma tena hiyo tarehe. Mwanamke aliyezaliwa 1940 aliishi miaka 38, akazaa, akalima, akafiwa, kabla serikali haijaona haja ya kuandika jina lake kwenye kadi.

Kukhu alichukua chake miaka michache baadaye. Karani alimuuliza mwaka wa kuzaliwa. Sisi Wabukusu tuna marika ya tohara, manane, yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, halafu yanaanza upya. Wanaume wa Nyange walitahiriwa kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwisho wa miaka ya 1950. Kukhu alijibu kwamba kakake alipoingia Nyange, yeye alishaweza kubeba mtungi wa maji kichwani bila kuushika. Kwa mtu wa Bungoma hilo ni jibu kamili. Karani naye alikuwa mtu wa Bungoma. Akafikiri kidogo, akaandika mwaka, na kwa siku na mwezi akaweka sufuri. Kadi yake mpaka leo inasema amezaliwa tarehe sufuri mwezi wa sufuri. Tunamcheka, naye anacheka. Lakini mwaka ni sahihi, au uko karibu sana, kwa sababu aliyeuliza na aliyejibu walikuwa kwenye kalenda moja.

Bila hiyo bahati ya karani, ungeumia wapi? Kwenye pesa.

Kenya ilianza kuwapa wazee pesa taslimu kwa majaribio katikati ya miaka ya 2000, kaya chache za masikini kabisa. Mwaka 2018 mpango ukafunguliwa kwa kila aliyefikisha miaka 70 asiye na pensheni nyingine, chini ya jina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Zaidi ya wazee laki saba wakaingia. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa zaidi serikali hii imewahi kumfanyia mzee asiye na mwajiri, na nalisema kwa moyo mweupe. Kwa mara ya kwanza mtu alilipwa kwa kuwa mzee tu, bila kuulizwa ana watoto wangapi na wako wapi. Ile kauli ya "ana kwao" iliwekwa pembeni. Lawama zinajulikana: malipo huchelewa, hujumlishwa miezi, kiasi hakijasogea kwa zaidi ya miaka kumi huku unga ukipanda, na vidole vya mtu aliyepukuchua mahindi miaka arobaini havisomwi vizuri na mashine. Yote hayo ni kweli. Ila ili uchelewe kulipwa lazima kwanza uwe kwenye orodha. Na kuingia kwenye orodha ni miaka 70 kwa mujibu wa kitambulisho.

Mwaka jana nilimsindikiza mama mmoja wa Kipsongo kwenda kutafuta kitambulisho, sitasema ofisi gani. Hajawahi kuwa nacho. Mjukuu wake wa darasa la nane ndiye alikuwa mkalimani, na mimi nikiwa mbeba mkoba. Kijana wa mezani hakuwa mtu mbaya, alimvutia kiti.

"Shosho, ulizaliwa mwaka gani?"

Mjukuu akatafsiri, nyanya akajibu, mjukuu akarudisha: "Anasema ni wa Namotor."

"Hiyo ni wapi?"

"Si mahali. Ni njaa."

Kijana akaniangalia mimi. Nikamwambia Namotor ni 1960. Akaanza kuandika 1960, na hapo nyanya akamshika mjukuu mkono na kusema neno refu. Mjukuu akatafsiri kwa shida: hakusema alizaliwa Namotor, alisema Namotor ilimkuta akichunga mbuzi wadogo.

Fanya hesabu na mimi. Mtoto wa Kiturkana anaachiwa mbuzi wadogo karibu na boma akiwa na miaka sita, saba hivi. Kama Namotor ilimkuta hapo, amezaliwa karibu 1953. Ukiandika 1953 amefikisha 70 mwaka 2023. Ukiandika 1960, atafikisha 2030. Miaka saba, kwa shilingi 24,000 kwa mwaka, ni shilingi 168,000, zimening'inia kwenye neno moja ambalo mtoto wa darasa la nane alikuwa analitafsiri huku amesimama. Na hiyo ni kama nyanya mwenyewe atafika 2030.

Walimwambia alete barua ya chifu, na cheti cha daktari cha kukadiria umri. Bado tunazunguka.

Pengine utasema ni ugonjwa wa Kenya. Hapana. Uganda walianza mpango wao wa SAGE mwanzoni mwa muongo wa 2010, shilingi zao 25,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 65. Kadi ya taifa ilipofanywa kuwa ndiyo mlango, wazee waliokosa kadi au walioandikiwa miaka isiyo yao wakaachwa nje, na mwaka 2022 mashirika ya kutetea haki yakaenda mahakamani kwa ajili hiyo. Lakini Uganda hiyohiyo ilifanya kitu ambacho ningetamani Nairobi wakisome. Kwa Karamoja, umri uliwekwa 60 badala ya 65, kwa sababu watu wa huko hawaishi miaka mingi kama wa Kampala. Karamoja ni ng'ambo ya mpaka tu kutoka Turkana. Ni ukame uleule, bunduki zilezile za Moroto, lugha zinazosikilizana. Mzee wa Karamoja alionekana amezeeka mapema. Ndugu yake aliyekimbilia Kitale anasubiri 70.

Zanzibar nako tangu Aprili 2016 serikali inamlipa kila mkazi wa miaka 70 kutoka mfuko wake yenyewe, ikianza na shilingi 20,000 za Tanzania. Kule wana historia yao: nyumba za wazee za Sebleni na Welezo ni za miaka mingi, na wazo kwamba mzee asiye na mtu ni wa serikali halikushangaza mtu. Pia ni visiwa vidogo, sheha anamjua kila mtu kwa nyumba. Sisemi tunaweza kunakili sheha. Nasema walianza kwa kumhesabu mzee alipo, pale anapolala, bila kumuuliza alikotoka.

Na katiba yetu wenyewe? Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinataka mzee aishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na apate matunzo kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Vyote viwili, kwa pamoja. Katiba hiyohiyo inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Inua Jamii inamtambua kuanzia 70. Hiyo miaka kumi katikati, mwenye pensheni ya kazi anaistarehekea na mwenye boma anaivumilia. Wa Kipsongo anaiokota shambani, punje kwa punje.

Siamini jibu ni kuwajengea watu wa Kipsongo makao ya wazee kisha tukate utepe. Watu wa kuwaangalia wapo. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 serikali imewapa mikoba na posho, wanapita nyumba kwa nyumba na wanajua ni nani hajatoka nje wiki hii. Vijana wa kanisa wanabeba maji. Mama jirani anapika. Kinachokosekana ni mwaka ulioandikwa sawa, ili hao wanaobeba maji wasiwe pia ndio wanaonunua unga.

Na hilo la mwaka si gumu. Wakati wa sensa, makarani wa Shirika la Takwimu hubeba kalenda ya matukio ya kihistoria, kwa ajili ya watu wasiojua tarehe yao: njaa fulani, chifu fulani, nzige, mwaka wa mafuriko. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na karibu milioni 2.7 kati yao ni wa miaka 60 kwenda juu. Baadhi ya hao walipewa umri namna hiyo, na serikali inazitumia namba zao kupanga bajeti bila kuuliza cheti cha daktari. Chombo kipo, kimelipiwa. Ila ukikaa Kitale na kumuuliza mama wa Kipsongo matukio ya Trans-Nzoia, unamuuliza kuhusu reli na masetla na mgao wa mashamba, na yeye wakati huo alikuwa ng'ambo ya milima akichunga mbuzi. Anahitaji kalenda ya Turkana, iwekwe kwenye meza ya Kitale, na mtu mzima wa kumtafsiria anayejua tofauti ya kuzaliwa Namotor na kukutwa na Namotor. Mjukuu wake anasema yuko tayari kuifanya kazi hiyo Jumamosi, akitoka kufua sare.